Rangi za jikoni Kolwezi: nani alichagua, nani alilipa

MANIKA, KOLWEZI. Katika maduka ya vifaa vya ujenzi mjini Kolwezi, karo, yaani vigae vya sakafuni na ukutani, zimepangwa wima tangu mlangoni: nyeupe tupu, za kijivu, zenye mishipa kama marumaru, na zile zenye picha za matunda ambazo mama wengi wangali wanazipenda. Mwenye nyumba mpya anauliza bei ya mita moja ya mraba, anapiga hesabu, kisha anapiga simu nyumbani. Mke anataka nyeupe. Mume anasema nyeupe itaonyesha moshi. Fundi naye anasema siku hizi watu wanataka granite nyeusi juu ya meza ya kupikia na makabati yanayofanana na mbao.

Mazungumzo hayo yanaonekana kuwa madogo. Lakini hapa kwetu, kwa miaka mingi, aliyepika hakuwa yeye aliyechagua rangi ya ukuta uliokuwa mbele ya macho yake. Kampuni ilichagua. Halafu umaskini ukachagua. Watu walipoanza kujichagulia wenyewe, migodi ikaja hadi mlangoni, na familia nyingi zikaambiwa zifungashe. Ndiyo sababu historia ya rangi za jikoni mjini Kolwezi ni pia historia ya haki juu ya nyumba, na familia zilizohamishwa zina sababu ya kuisikiliza zaidi ya wengine.

Kabla ya kampuni

Nchi hii ya Lualaba ilijua rangi kabla ya kujua maduka. Wasanga, Walunda, Waluba na majirani zao walikuwa na pemba, ule udongo mweupe uliotumika katika kubariki, katika kuponya na katika kupamba. Walikuwa na udongo mwekundu, uleule unaofunika njia zetu hadi leo. Na walikuwa na masizi, weusi wa moshi.

Jiko lilikuwa na kibanda chake, kando ya nyumba ya kulala, na mafiga matatu katikati. Ukuta wa udongo ulipakwa kwa kiganja cha mkono, na kila ulipopasuka ulirudiwa. Moshi nao haukuwa adui tu: ulikausha nyama na samaki, ulilinda mahindi ya mbegu yaliyotundikwa juu ya moto, na ulifukuza wadudu kwenye nyasi za paa. Weusi wa ukuta ulionyesha kwamba jiko hilo linapika kila siku.

Rangi ya kijani ilikuwepo pia, ndani ya jiwe la malakiti. Hiyo haikupakwa ukutani; iliyeyushwa ili itoe shaba. Mafundi wa kuyeyusha waliitwa wala shaba, na misalaba ya shaba waliyoitengeneza ilitembea mbali. Wakati wa Mwami Msiri, aliyetawala kutoka Bunkeya hadi alipouawa tarehe 20 Desemba 1891, shaba na pembe za ndovu zilisafiri katika misafara iliyofika hadi pwani ya Bahari ya Hindi. Wakati ule wenyeji ndio walioamua ni jiwe gani liyeyushwe na ni ukuta gani upakwe.

Chokaa ya kampuni

Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa mwaka 1906. Mwanzoni ilichukua wanaume peke yao, kwa mikataba mifupi, na kuwaweka katika kambi ambamo wengi waliugua na kufa. Mwishoni mwa miaka ya 1920 ikabadili siasa yake: mikataba ya miaka mitatu, wafanyakazi wakaruhusiwa na hata kuhimizwa kuja na wake zao, watoto wakapelekwa shule. Mtu akae, azae, alee watoto watakaokuwa wafanyakazi wa kesho. Mji wa Kolwezi wenyewe ulizaliwa katika mpango huo, mwaka 1937, ukiwa makao ya migodi ya magharibi ya kampuni.

Nyumba, posho, hospitali, shule: vyote vilitoka katika mkono mmoja. Nyumba za matofali zilipangwa kwa mistari iliyonyooka. Kuta zilipakwa chokaa nyeupe, na chokaa haikuwa shida kupatikana, kwa sababu mawe ya chokaa ya Kakontwe, karibu na Likasi, yalikuwa yakichimbwa kwa ajili ya viwanda vya kampuni. Ilikuwa rahisi kwa bei, inaua vijidudu, na juu yake uchafu unaonekana haraka. Kwa kampuni iliyoogopa magonjwa, hiyo ilikuwa faida. Kwa mama aliyepika kwa makala na kuni, ilikuwa kazi ya kusugua kila wiki.

Jiko la mfanyakazi lilibaki nyuma ya nyumba, dogo, mara nyingi halina dirisha la maana. Wake za wafanyakazi walialikwa kwenye foyer social, mahali walipofundishwa kushona, kupika na kutunza nyumba kwa namna ambayo Wabelgiji waliiona kuwa safi. Mengi yaliyofundishwa pale yalisaidia, na mama wengi walijivunia cheti chao. Lakini rangi ya ukuta haikuwa somo. Nyumba ilikuwa ya kampuni, na aliyepoteza kazi alipoteza na nyumba, na ukuta wake mweupe.

Jambo la kushangaza ni kwamba miaka hiyohiyo, mbali sana na Katanga, jiko la kisasa tunalolijua leo lilikuwa linazaliwa, nalo pia lilizaliwa katika nyumba za wafanyakazi. Mwaka 1926, mchoraji majengo kutoka Austria, Margarete Schütte-Lihotzky, alibuni jiko dogo kwa ajili ya nyumba mpya za mji wa Frankfurt, Ujerumani. Alipima hatua ambazo mpishi anatembea, akaweka makabati ukutani, meza ya kukatia karibu na dirisha, na mahali maalumu pa kila kitu. Majiko kama elfu kumi ya namna hiyo yalijengwa. Makabati yake yalipakwa rangi ya buluu inayoelekea kijani, kwa sababu wakati ule iliaminiwa kwamba nzi hawapendi kutua juu ya buluu.

Wake wa wafanyakazi wa Frankfurt hawakuulizwa kama wanapenda buluu, kama vile wake wa wafanyakazi wa Katanga hawakuulizwa kama wanapenda nyeupe. Tofauti ni kwamba kule Frankfurt mpishi alipimiwa hatua zake ili asichoke. Hapa alihesabiwa posho yake.

Katika mitaa ya Wazungu ya Kolwezi ulikuwepo ulimwengu mwingine. Huko jiko lilikuwa ndani ya nyumba, lina maji ya bomba, karo nyeupe juu ya lavabo, na sakafu ya sima nyekundu iliyopigwa nta hadi ing'ae. Aliyesimama juu ya sakafu hiyo kutwa nzima alikuwa Mkongomani, mpishi aliyeitwa "boy" hata kama alikuwa na wajukuu. Yeye alizijua rangi za majiko yote mawili ya mji: nyekundu ya nta aliyoing'arisha mchana, na nyeupe ya chokaa, iliyotiwa weusi na moshi, aliyoirudia jioni.

Rangi zilizotoka katika ardhi yetu

Wakati jiko la hapa linapakwa chokaa, ardhi ya Katanga ilikuwa inapaka majiko ya dunia.

Mwaka 1924, Union Minière ilianza kutoa kobalti huko Panda, Likasi. Leo kobalti inajulikana kwa betri za simu na za magari, lakini kwa mamia ya miaka ilijulikana kwa sababu moja kubwa: rangi ya buluu. Buluu ya vyombo vya kaure vya China, buluu ya karo za Uajemi, buluu ya vigae vya Delft vilivyopamba majiko ya Uholanzi, zote ni kobalti. Jina lenyewe limetoka kwa wachimbaji wa Ujerumani, waliodhani kwamba jiwe hilo lililowaletea ugonjwa limewekwa na shetani mdogo wa mgodini aliyeitwa kobold.

Kobalti ina kazi nyingine jikoni ambayo watu wengi hawaioni. Sahani, bakuli na birika za emaye, zile za chuma zilizopakwa kioo chembamba cheupe chenye ukingo wa buluu, zinahitaji tabaka la kwanza linaloshikamana na chuma. Tabaka hilo hutiwa oksidi ya kobalti kidogo ili emaye isibanduke. Sahani ya emaye ikigongwa na kupasuka, ile sehemu ya giza inayoonekana chini ya nyeupe ndiyo tabaka hilo.

Ikawa hivyo na uranium pia. Kabla dunia haijasikia neno bomu la atomiki, madini ya Shinkolobwe, karibu na Likasi, yalipelekwa Olen, Ubelgiji, ili yatolewe radiumu ya hospitali. Uranium iliyobaki ilikuwa na wanunuzi wachache, na miongoni mwao walikuwamo watengenezaji wa rangi za kaure na za kioo, kwa maana inatoa manjano na machungwa yanayowaka. Nchini Marekani, sahani za Fiesta zilizoanza kuuzwa mwaka 1936 zilipata wekundu wao kutoka kwa uranium, hadi serikali ilipoichukua kwa ajili ya vita mwaka 1943. Shinkolobwe ilikuwa mojawapo ya vyanzo vikubwa vya uranium duniani wakati huo.

Basi rangi ziliondoka hapa zikiwa mawe kwenye reli, na mfanyakazi wa Kolwezi, aliyekuwa anayachimba, alirudi nyumbani kwenye ukuta mweupe asioruhusiwa kuubadili.

Umeme ulipita juu ya paa

Tarehe 1 Januari 1967 mali ya Union Minière ilikuwa imekwisha kutwaliwa na serikali ya Mobutu, na baada ya miaka michache kampuni mpya ikajulikana kwa jina la Gécamines. Kwa wafanyakazi wengi, miaka ya mwanzo ya 1970 ndiyo wanayoiita miaka mizuri. Mshahara ulitoka, posho ilitoka, na nyumba zikaanza kuvaa rangi za ndani. Wachoraji wa mkoa, ulioitwa Shaba wakati huo, akiwemo Tshibumba Kanda Matulu, waliuza picha kwa familia za kawaida: mamba muntu akikaa kando ya maji, askari na mfungwa wa wakati wa ukoloni, vita vya zamani. Picha hizo zilitundikwa salooni, mbele ya wageni.

Jikoni hapakutundikwa kitu. Salooni ilipakwa rangi ya mafuta, kijani hafifu au buluu ya mbingu, sehemu ya chini ya ukuta ikapakwa rangi nzito zaidi ili mikono ya watoto isionekane. Jiko liliachiwa chokaa iliyobaki. Mgeni haingii huko, walisema.

Umeme ulikuwepo. Mabwawa ya Nzilo na Nseke, juu ya mto Lualaba, yalijengwa miaka ya 1950 kwa ajili ya migodi, na nyumba za kampuni zilipata sehemu yake. Mama wengi walizoea resho ya umeme, na palipo na resho ukuta hubaki mweupe. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ilikamilika laini ndefu ya Inga-Shaba, ya kilomita karibu 1,700 kutoka karibu na Matadi, nayo inaishia hapahapa Kolwezi. Lakini ilijengwa ili ilishe viwanda. Vijiji vingi vilivyo chini ya nyaya zake vilipika kwa kuni, na vingi vinapika kwa kuni mpaka leo.

Halafu mambo yakaharibika. Vita vya Mei 1978 vilikuwa vimekwisha kuujeruhi mji. Mnamo Septemba 1990 mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto ukaporomoka. Gécamines, iliyokuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, ikashuka ndani ya miaka michache hadi sehemu ndogo sana ya hizo. Mwaka 1992 na 1993, watu wenye asili ya Kasai, wengi wao wakiwa wamezaliwa hapa, wakafukuzwa. Walisubiri treni kwenye vituo vya Likasi na Kolwezi siku baada ya siku, na wengi walikufa kabla ya kufika. Nyumba walizoziacha zilibaki na chokaa yao, na resho zilizofungwa ukutani.

Kwa waliobaki, mshahara ulikuja kwa kuchelewa, mwisho haukuja. Umeme ulikatika, resho zikaharibika, mbabula ikarudi kutoka uani. Makala yalipowashwa ndani ya jiko lililojengwa kwa ajili ya umeme, ukuta ulianza kubadilika kuanzia juu: kwanza manjano, halafu kahawia, halafu nyeusi. Kwa zaidi ya miaka kumi majiko mengi hayakuonja rangi mpya. Fedha kidogo iliyoonekana ilikwenda kwenye unga wa bukari na sombe.

Funguo mikononi mwa wenyewe

Mwaka 2002 nchi ilipata Sheria mpya ya Migodi, na kampuni za kigeni zikafungua milango. Mwaka 2003 na 2004, kwa fedha za Benki ya Dunia, zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines waliondolewa kazini katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Walipewa kiasi kimoja cha fedha kwa malimbikizo ya miaka, na wengi wao walilalamika kwa muda mrefu kwamba haikufikia walichokuwa wanadai. Katika miaka hiyo nyumba nyingi za kampuni ziliingia mikononi mwa familia zilizokuwa zinakaa ndani yake.

Mara ya kwanza tangu mji kuanzishwa, mtoto wa mfanyakazi aliweza kugonga msumari ukutani bila kuomba ruhusa. Watu wakavunja kuta ili jiko liingie ndani. Wakaongeza dirisha. Sima ya Lubudi, ambayo ilijenga nusu ya mkoa tangu wakati wa ukoloni, ikakutana na karo zinazotoka China kupitia bandari za Dar es Salaam na Durban. Waliopata kazi katika migodi mipya, na waliouza kidogokidogo madini ya mikono, waliweka karo nyeupe hadi urefu wa mabega, lavabo ya chuma kisichopata kutu, makabati ya mbao za kubandikwa. Kolwezi ilipokuwa makao makuu ya jimbo jipya la Lualaba mwaka 2015, bei za viwanja zilipanda, na jiko zuri likawa jambo la kuonyeshwa kwa mgeni.

Hapo ndipo ardhi iliyo chini ya karo ilipoanza kutafutwa.

Jiko linapohesabiwa

Kasulo ndipo palipowafungua watu macho. Kuanzia mwaka 2014, habari zilipoenea kwamba kobalti ipo chini ya mtaa, watu walichimba katika viwanja vyao, uani, hata ndani ya vyumba. Sakafu za sima zilizolipiwa kwa jasho zilipasuliwa kwa nyundo ili mtu ashuke shimoni. Mwaka 2017 sehemu ya mtaa ilitolewa na viongozi wa jimbo kwa kampuni ya Congo Dongfang Mining, ikazungushiwa ukuta, na familia zilizokuwa ndani zikahamishwa.

Kisha ikaja zamu ya Cité Gécamines, mtaa mkubwa wa nyumba zilizojengwa wakati wa kampuni, uliokuwa na maji ya bomba, umeme, shule na hospitali karibu. Mgodi wa COMMUS ulioanza tena kazi mwaka 2015 ulipanuka kuelekea huko. Mnamo Septemba 2023, shirika la Amnesty International, pamoja na shirika la Kongo IBGDH, walitoa ripoti juu ya watu waliohamishwa kwa ajili ya migodi ya Kolwezi. Ripoti ilieleza kwamba wengi hawakushauriwa kwa namna inayostahili, kwamba milipuko ya mgodi ilipasua kuta za nyumba, na kwamba fidia waliyopewa wengi haikutosha kununua nyumba iliyo sawa na ile waliyoiacha. Wengine walijikuta pembezoni mwa mji, katika nyumba zisizo na maji ya bomba wala umeme wa kutegemewa.

Hapo rangi na karo zinaacha kuwa mapambo. Nyumba inapothaminiwa, mtu anapita na karatasi, anahesabu vyumba, anapima kuta. Akiandika "jiko moja", ameandika kitu kilekile kwa jiko la chokaa lenye mbabula na kwa jiko lenye karo mita 15 za mraba, lavabo, bomba la maji na sakafu iliyolainishwa. Tofauti kati ya hayo mawili ni miaka ya akiba ya familia. Isipoandikwa, hailipwi. Na kwa kawaida, anayejua tofauti hiyo sentimita kwa sentimita ni mama anayepika, ambaye siku ya kuhesabu anaweza kuwa sokoni.

Sheria haziko kimya. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 34, inalinda mali ya mtu na kudai fidia ya haki, inayotolewa kabla mtu hajanyang'anywa mali yake kwa faida ya umma. Kifungu cha 48 kinataja haki ya makao yanayofaa pamoja na maji safi na umeme. Sheria ya Migodi ilirekebishwa mwezi wa Machi 2018, na Kanuni iliyofuata mwezi wa Juni mwaka huohuo ina kiambatisho kizima kuhusu kuhamisha watu, kuwalipa na kuwapatia makao mapya. Tena, tangu marekebisho ya Sheria ya Familia ya Julai 2016, mke aliyeolewa hahitaji tena ruhusa ya mume ili aingie katika mapatano ya kisheria. Anaweza kudai, kuuliza na kutia sahihi yake mwenyewe.

Kabla ya kununua kopo la rangi

Historia hii inaacha mafundisho ya mikono, kwa anayejenga sasa na kwa anayeanza tena baada ya kuhamishwa.

Kwanza, rangi ifuate moto. Anayepika kwa makala asidanganywe na picha za majiko meupe ya kwenye simu. Hayo ni majiko ya umeme na gesi. Karibu na mbabula inafaa karo au rangi ya mafuta ya kijivu au kahawia, inayopanguswa kwa sabuni, hadi urefu wa kifua. Juu yake rangi iwe nyepesi, ili mwanga wa dirisha ufike kwenye sufuria. Darini, chokaa bado ni rafiki wa mwenye mfuko mdogo: inarudiwa kila mwaka kwa gharama ndogo. Na hakuna rangi inayochukua nafasi ya dirisha, kwa sababu makala hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu inayoua watu waliofunga mlango.

Pili, sakafu. Karo inayong'aa inapendeza dukani na inateleza jikoni maji yanapomwagika. Mimina maji kidogo juu ya karo moja dukani, uisugue kwa soli ya kiatu, kabla hujalipa. Na mahali milipuko ya mgodi inapotikisa nyumba, karo kubwa hupasuka mapema. Ndogo, au sima nyekundu ya wazee iliyopigwa nta, hutengenezeka kwa urahisi zaidi.

Tatu, kopo lenyewe. Rangi za mafuta za zamani zilitiwa risasi, metali inayodhuru akili za watoto. Mkataba wa kimataifa wa kazi wa mwaka 1921 ulikwisha kuonya juu ya rangi nyeupe ya risasi, na bado yapo makopo duniani yenye risasi. Soma kopo, tafuta neno "plomb". Anayekwangua rangi kuukuu katika nyumba ya kampuni ailoweshe kwanza, watoto wakae mbali, na vumbi litupwe, lisifagiliwe uani.

Nne, na hili ni kwa familia zinazokaa karibu na migodi: andika jiko lako. Piga picha za kuta zote nne, sakafu, bomba, mita ya umeme. Tunza risiti za karo, sima na rangi, na jina la fundi. Weka nakala kwa ndugu anayekaa mtaa mwingine. Siku wapimaji wakija, baba na mama wawepo wote wawili, na isitiwe sahihi kwenye karatasi ambayo jiko lake limeandikwa kwa neno moja. Dai nakala ya kile kilichoandikwa.

Wapo wanaosema kupaka rangi nyumba iliyo kando ya mgodi ni kutupa fedha. Familia nyingi za Kolwezi hazikubali. Zinapaka, zinaweka karo, zinaongeza dirisha, ingawa zinajua mashine ziko umbali gani. Katika mji ambao kwa muda mrefu rangi ya ukuta ilitoka kwenye ghala la kampuni, kuichagua mwenyewe ni njia mojawapo ya kusema kwamba nyumba hii ina mwenyewe. Inabaki kwamba wanaokuja na karatasi za kuhesabu walisome neno hilo pale lilipoandikwa, yaani ukutani, na kulilipia bei yake.